Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Umeme Huja kwa Nyaya Tatu?

Makala tuliyochapisha katika toleo lililopita kuhusu vituo vya umeme vya mto Ruzizi iliwafanya wasomaji wengi wa Bukavu watuandikie, na jambo lililonipendeza ni kwamba barua nyingi, ingawa zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali, zinaulizia namba ileile ya tatu. Nimechagua sita kati ya barua hizo. Jibu la barua ya kwanza ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo nimelipa nafasi kubwa, na ninamwomba msomaji asiliruke hata kama hana mashine ya kusaga.

Mota iliyozunguka kinyume

*Ndugu Mhariri, nina mashine ya kusaga muhogo na mahindi huku Kadutu. Nguzo ya mtaani kwetu ilianguka wakati wa mvua, ikasimamishwa upya, na umeme uliporudi mota yangu ilianza kuzunguka kinyume. Fundi alizima umeme, akafungua kisanduku, akabadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu, akafunga, na mota ikazunguka vizuri kama zamani. Nilipomwuliza ni nyaya zipi mbili zinazofaa kubadilishwa, alinijibu kwamba ni zozote. Ninataka kujua kwa nini ni zozote, na umeme unajuaje kulia na kushoto? – Mama mwenye mashine, Kadutu*

Mama mpendwa, fundi wako alikujibu kweli tupu, na swali lako la pili ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu ndilo lililowashughulisha wavumbuzi wa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1880.

Tuanzie pale umeme unapotoka. Maji yanayotoka ziwa Kivu na kuingia Ruzizi husukuma turbini, na turbini huzungusha sumaku kubwa ndani ya pete ya koili, yaani nyaya za shaba zilizozungushwa. Katika jenereta iliyo sahili kabisa, koili hizo zimepangwa katika mafungu matatu yaliyoizunguka pete kwa nafasi sawa, kila fungu likiwa mbali na mwenzake kwa thuluthi moja ya duara, yaani digrii 120. Sumaku inapolipita fungu la kwanza, umeme wa fungu hilo hupanda hadi kileleni, hushuka hadi sifuri, hugeukia upande wa pili, kisha hurudi, na ndiyo maana huitwa mkondo geu. Fungu la pili hufanya vivyo hivyo, ila hufika kileleni baadaye kidogo, na la tatu baadaye tena. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo wimbi zima huchukua sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na kila fezi, yaani wimbi la fungu moja, huchelewa nyuma ya ile iliyoitangulia kwa sehemu moja ya mia na hamsini ya sekunde. Umewahi kuona wanawake watatu wakitwanga katika kinu kimoja: mchi wa kwanza unapogonga, wa pili unashuka na wa tatu unapanda, kinu hakikai bure, na michi haigongani kwa sababu kila mmoja anajua anamfuata nani. Fezi tatu zinafuatana namna hiyo.

Mota yako ni jenereta hiyo iliyogeuzwa kazi. Nayo ina mafungu matatu ya koili yaliyopangwa kwa duara, na kila waya wa nje umeunganishwa na fungu lake. Wimbi linapofika kileleni katika fungu la kwanza, nguvu ya sumaku huelekea huko. Muda mfupi baadaye kilele kimehamia fungu la pili, kisha la tatu, kisha kimerudi la kwanza. Hakuna chuma kilichosogea bado, lakini nguvu ya sumaku imeshauzunguka mduara mzima, na rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka iliyo katikati, huvutwa kuifuata. Ukisoma kibati kilichobandikwa kwenye mota, pengine utakuta imeandikwa mizunguko kama 1,450 kwa dakika. Nguvu ya sumaku katika mota ya aina hiyo huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoiwezesha rota kuvutwa, kwa kuwa ikiifikia kabisa kasi ya sumaku hakutakuwa tena na kitu cha kuivuta.

Sasa tuje kwenye neno la fundi kwamba ni nyaya zozote. Zipe fezi majina A, B na C, kisha andika jinsi zinavyofuatana: A, B, C, A, B, C, bila mwisho. Kwenye duara, kusema A-B-C, B-C-A au C-A-B ni kusema jambo moja, maana tofauti ni mahali ulipoanzia kuhesabu tu. Mpangilio mwingine uliobaki ni mmoja pekee, A-C-B, ambao ndio huo huo kinyumenyume. Ukibadilishana B na C unaupata. Ukibadilishana A na B unapata B-A-C, na ukiisoma kuanzia A utakuta tena A-C-B. Kwa hiyo wale waliosimamisha nguzo walibadilishana nyaya mbili bila kukusudia, na fundi wako naye akabadilishana nyaya mbili, hata kama hazikuwa zilezile, akaurudisha mpangilio wa kwanza.

Hapa ndipo penye kiini cha barua zote nilizopokea. Jaribu kufanya hivyo kwa fezi mbili zinazopingana, moja ikiwa juu wakati nyingine iko chini. Utaandika A, B, A, B, A, B, na ukiisoma kutoka mwisho ni ileile. Namba mbili haina kulia wala kushoto. Tatu ndiyo namba ndogo kuliko zote ambayo, ikipangwa kwa nafasi sawa kwenye duara, inaweza kuonyesha upande wa kuzunguka. Uthibitisho uko nyumbani kwako: feni ya mezani hutumia fezi moja, na ndani yake mna kapasita iliyowekwa ili kutengeneza wimbi la pili lililochelewa, maana bila hilo mota haijui ielekee wapi. Kapasita ikifa, feni hunguruma tu bila kuanza.

Faida ya pili ni mizani. Fezi A inapokuwa kileleni, tuseme kwa kipimo cha 1, B na C kila moja iko kwenye nusu upande wa pili, na jumla yake ni sifuri. A inapokuwa sifuri, B iko kwenye 0.866 upande mmoja na C kwenye 0.866 upande mwingine, na jumla ni sifuri tena. Iwe wakati wowote, mzigo ukiwa sawa katika fezi zote, kinachokwenda kwa waya mmoja kinarudi kwa mingine, wala hakuna haja ya waya wa nne wa kurudishia. Nguvu yenyewe nayo hubaki palepale. Ukizidisha kila kipimo kwa chenyewe na kujumlisha, mara ya kwanza unapata 1 na robo mbili, yaani 1.5, na mara ya pili 0.75 na 0.75, yaani 1.5 vilevile. Umeme wa fezi moja hufika sifuri mara 100 kila sekunde, ilhali mota yako husukumwa kwa nguvu isiyopungua wala kuzidi, ndiyo maana haitetemi sana ikiwa imefungwa vizuri.

Galileo Ferraris alitengeneza nguvu ya sumaku inayozunguka huko Turin mwaka 1885 na akatangaza matokeo yake mwaka 1888, mwaka uleule ambao Nikola Tesla alipewa hati zake za uvumbuzi nchini Marekani. Majaribio yao ya mwanzo yalitumia fezi mbili zilizoachana kwa digrii 90. Fezi mbili za namna hiyo zinazunguka, kwa kuwa mwachano wake si sawa, lakini jumla yake haiwi sifuri. Aliyeona kwamba fezi tatu zinaleta mzunguko na mizani kwa pamoja, akatengeneza mota iliyofaa kwa kazi ya kiwandani, ni Mikhail Dolivo-Dobrowolsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, mnamo 1889. Mwaka 1891 umeme wa fezi tatu ulisafirishwa kilomita 175 kutoka maporomoko ya Lauffen hadi maonyesho ya Frankfurt, na walioshuhudia hawakuhitaji kushawishiwa tena. Hata Niagara, ambako jenereta za kwanza zilizoanza kazi mwaka 1895 zilikuwa za fezi mbili, umeme uliopelekwa mji wa Buffalo mwaka 1896 uligeuzwa kwanza kuwa wa fezi tatu.

Ninakusihi jambo moja, Mama. Mota ikinguruma bila kuanza, au ikipoteza nguvu ghafla na kupata joto, kuna uwezekano mkubwa kwamba fezi moja imekatika. Izime mara moja, kwa sababu inaweza kuungua ndani ya dakika chache, kisha umwite fundi. Kazi ya kubadilishana nyaya mwachie yeye.

Msuko na msokoto

*Ndugu Mhariri, mimi ni msusi Nyawera. Mteja wangu ambaye ni mwanafunzi alisema kwamba nywele na umeme vinasukwa kwa namna moja. Nilicheka, kisha nikajiuliza: kwa nini mafungu matatu ya nywele yanashika na mawili hayashiki? – Dada msusi*

Dada mpendwa, mteja wako hakukosea. Tazama mikono yako inapofanya kazi. Unachukua fungu la kushoto unalipitisha juu ya lile la katikati, kisha unachukua la kulia unalipitisha juu ya lile lililo katikati sasa, na kuendelea. Mpishano wa kushoto huzungusha nywele upande mmoja, na wa kulia huzizungusha upande wa pili. Kwa hiyo msuko wako haujikusanyii mzunguko wowote. Kila mzunguko unaouweka, mpishano unaofuata unaufidia, lakini hauwezi kuufungua kwa sababu umefanyika mahali pengine, kati ya fungu jingine na jingine. Kwa mafungu mawili kuna mahali pamoja tu pa kupishana. Ukipishanisha upande mmoja kisha upande wa pili, umefungua ulichofunga. Ukipishanisha upande mmoja tu kila mara, hujasuka, umesokota, na msokoto ukiachiwa hujizungusha kurudi nyuma hadi ufunguke.

Najua utasema kwamba mafungu mawili yaliyosokotwa nayo hukaa vizuri kichwani. Hukaa, kwa sababu mkono wako unasokota kwanza kila fungu peke yake kuelekea upande mmoja, kisha unayazungusha yote mawili pamoja kuelekea upande wa pili, na kila moja likitaka kujifungua linalikaza jingine. Wasokota kamba za katani hutumia maarifa hayo hayo, na mwili wetu pia. Kolajeni, protini inayotengeneza kano na sehemu kubwa ya ngozi, ina minyororo mitatu. Kila mmoja umejizungusha kuelekea kushoto, na yote mitatu imezungushwa pamoja kuelekea kulia. Umbo hilo la minyororo mitatu lilielezwa na G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha huko Madras, India, mwaka 1954. Ngozi ya ng'ombe iliyowambwa kwenye ngoma inastahimili mapigo kwa sababu ya kamba hizo ndogo zisizoonekana kwa macho.

Fanya jaribio hili siku ukiwa na nafasi. Chukua nyuzi tatu za rangi mbalimbali, tuseme nyekundu, nyeupe na nyeusi, uzisuke polepole huku ukihesabu mipishano. Baada ya mipishano miwili, kila rangi imehama nafasi: iliyokuwa katikati imekwenda kushoto, ya kulia imekuja katikati, na ya kushoto imekwenda kulia. Baada ya mipishano sita, kila rangi imerudi mahali ilipoanzia, na kila moja imepita kushoto, katikati na kulia kwa haki sawa. Emil Artin, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa Hamburg, aliifanya misuko kuwa somo kamili la hisabati mwaka 1925, na mipishano unayoifanya wewe kila siku ndiyo iliyokuwa hesabu yake.

Kuhusu umeme, haki hiyo sawa ndiyo wanayoitafuta wahandisi. Nyaya tatu za msongo mkubwa, yaani za volti nyingi, zikitandazwa bega kwa bega juu ya minara, ule wa katikati una majirani wawili wa karibu na wa pembeni una mmoja tu, kwa hiyo nguvu za sumaku baina yao haziwi sawa na mizani niliyomweleza Mama wa Kadutu huharibika kidogo kidogo kadiri njia inavyorefuka. Dawa yake ni kuzibadilishana nafasi. Katika njia nyingi ndefu, kwenye minara iliyochaguliwa, nyaya hupishana ili kila moja ikae theluthi ya safari kushoto, theluthi katikati na theluthi kulia. Ni msuko wa kweli, ila mpishano mmoja na unaofuata unaweza kuachana kwa kilomita nyingi, ndiyo maana mtu anayetembea chini ya nyaya hauoni.

Taa zilizong'aa kupita kiasi

*Mheshimiwa Mhariri, sisi tuko Bagira. Jioni moja taa za nyumba yetu ziling'aa ajabu kisha zikaungua pamoja na televisheni, na saa hiyohiyo jirani analalamika kwamba taa zake zimekuwa nyekundu kama makaa. Tuko kwenye nguzo moja. Inawezekanaje? – Baba wa familia*

Baba, pole kwa hasara. Nyumba nyingi hupewa fezi moja na nyutro, yaani waya wa kurudishia, ambazo kati yake kuna volti 220. Kati ya fezi na fezi kuna volti 380, ambayo ni 220 ikizidishwa kwa 1.732, kipeuo cha pili cha tatu, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa tatu. Nyumba za mtaani hugawanywa katika fezi tatu, na kwa kuwa hazitumii umeme sawasawa, tofauti hurudi kwa nyutro. Nyutro ikikatika, tofauti haina njia, na nyumba yako na ya jirani aliye kwenye fezi nyingine hujikuta zimeunganishwa moja baada ya nyingine katikati ya volti 380.

Hesabu itakuonyesha ukali wake. Chukua mfano wa nyumba mbili tu: moja imewasha balbu ya wati 100, na nyingine inapiga pasi ya wati 1,000. Balbu ina ukinzani mara kumi ya ule wa pasi, kwa hiyo hujichukulia sehemu kumi kati ya kumi na moja za volti 380. Balbu inapata volti zipatazo 345, na pasi inabakiwa na kama 35. Anayetumia kidogo ndiye anayeunguliwa, na anayetumia kingi hukaa gizani, jambo ambalo watu wengi hulidhania kinyume chake. Ukiona taa zimeng'aa kupita kawaida huku za jirani zimefifia, usisubiri kuona itakavyokuwa: zima swichi kuu, waambie majirani wazime, na mwarifu mwenye mamlaka ya laini. Asipande mtu nguzoni.

Ndizi, mafunjo na nanasi

*Ndugu Mhariri, mwalimu wetu alituonyesha kwamba ndizi hugawanyika sehemu tatu. Je, maumbile yanapenda namba tatu, na ndiyo sababu umeme nao ni wa tatu? – Mwanafunzi, Ibanda*

Mwanafunzi mpendwa, ninafurahi kwamba mwalimu wako anatumia ndizi. Ukimenya ndizi mbivu na kuibonyeza kwa kidole kwenye ncha, hufunguka kwa urefu katika vipande vitatu, kwa sababu ovari ya ua lililoizaa ilikuwa na vyumba vitatu. Ndizi ni ndugu wa mbali wa mahindi na nanasi katika kundi kubwa la mimea ambayo mbegu yake huchipua kwa jani moja, na maua ya kundi hilo kwa kawaida huhesabika kwa tatu tatu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mafunjo ya kwenye vinamasi. Kata shina lake, utazame mahali ulipokata: si duara, ni pembetatu, na ukilipitisha kati ya vidole bila kutazama utahisi kingo tatu. Jamii hiyo ya mimea hupanga majani kwa safu tatu, kila jani likichipua digrii 120 kutoka lililotangulia, hivyo la nne husimama juu kabisa ya la kwanza. Mahindi, ambayo ni ya jamii ya nyasi, yana safu mbili, jani moja huku na jingine kule, digrii 180. Mimea yenye majani yaliyofanana namna hiyo huweza kutofautishwa gizani kwa mkono.

Lakini usiharakishe kusema kwamba maumbile yanapenda tatu. Chukua nanasi, ufuate magamba yake kwa kidole. Utaona mistari ya hesi, yaani inayozunguka huku ikipanda, na kwa kawaida ukiihesabu utapata 8 upande mmoja na 13 upande wa pili. Alizeti ina 34 na 55, au kubwa zaidi 55 na 89. Ndugu wawili Wafaransa, Louis na Auguste Bravais, walieleza mwaka 1837 kwamba mimea mingi ya hesi huachanisha majani yake kwa pembe ya takriban digrii 137.5. Pembe hiyo haigawanyi duara katika sehemu kamili, kwa hiyo hakuna jani linalosimama sawasawa juu ya jingine hata yakiwa mengi kiasi gani.

Nani aliufundisha mmea hesabu hiyo? Hakuna. Mwaka 1992 wanafizikia wawili wa Ufaransa, Stéphane Douady na Yves Couder, walidondosha matone ya kimiminika chenye sumaku katikati ya sahani iliyojaa mafuta. Matone yalisukumana, kila tone jipya likaenda palipokuwa na nafasi zaidi, na matone yalipofuatana kwa haraka yakajipanga yenyewe katika mistari ya hesi yenye pembe karibu na hiyo. Chipukizi kwenye ncha ya mmea nazo hujitokeza pale zilipo mbali na zilizotangulia. Kasi ya kuchipua na ukubwa wa ncha huamua kama mmea utaishia kwenye safu mbili, safu tatu au hesi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ndizi na mota havina asili moja. Digrii 120 za mafunjo zimetokana na nafasi katika ukuaji, na digrii 120 za jenereta zimewekwa na mhandisi. Kinachofanana ni hesabu ya duara peke yake. Ninaliona jambo hilo kuwa la ajabu na la kupendeza zaidi kuliko dhana ya kwamba kuna siri moja iliyofichwa ndani ya vyote, maana hesabu ya duara inaweza kuthibitishwa na mtoto yeyote mwenye bikari na karatasi.

Waya uliosukwa unaozaa umeme

*Ndugu Mhariri, kuna mtu anauza waya wa shaba uliosukwa kwa nyuzi tatu, anasema ukiuzungusha kwa umbo la konokono utawasha taa bila betri wala laini. Tununue? – Kijana, Kadutu*

Msinunue. Koili, hata ikisukwa kwa ufundi wa namna gani, haitoi umeme mpaka kitu kisukume sumaku mbele yake. Ruzizi I iliyoanza kufanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II ya mwaka 1989 ambayo Kongo inaitumia pamoja na Rwanda na Burundi, zina koili nyingi za shaba, na bado siku maji yasipopita kwenye turbini hazitoi hata wati moja. Kusokota na kusuka nyaya kuna faida zake za kweli. Nyaya nyeusi zilizosokotwa pamoja mnazoziona zikitundikwa kwenye nguzo za mitaa hupunguza nguvu ya sumaku inayotoka nje, kwa sababu mikondo yake iko karibu na inafidiana, na zina maganda, kwa hiyo tawi la mti likizigusa hakutokei cheche. Faida hizo ni za kulinda umeme uliokwisha kuzalishwa.

Inga na nyaya mbili

*Mheshimiwa Mhariri, nilifanya kazi Kolwezi. Njia kubwa inayoleta umeme kutoka Inga, kwenye mto Kongo, haina nyaya tatu. Ikiwa tatu ni bora, kwa nini ile ni mbili? – Mstaafu, Nyalukemba*

Mzee wangu, umeona vema. Njia ya Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982, ina urefu wa kilomita zipatazo 1,700, na ilipojengwa ilikuwa miongoni mwa ndefu kuliko zote duniani. Inabeba mkondo mnyofu, yaani umeme usiopanda wala kushuka, kwa volti 500,000 juu ya sifuri katika upande mmoja na 500,000 chini ya sifuri katika upande wa pili. Mahali pasipo na wimbi hapana kufuatana, na pasipo na kufuatana namba tatu haina kazi. Nyaya mbili zinatosha, ya kwenda na ya kurudi.

Kwa umbali wa kawaida, nyaya tatu hushinda: ukiongeza waya mmoja wa unene uleule juu ya mbili, unaongeza shaba kwa nusu tu, lakini nguvu inayobebwa kwa msongo na mkondo uleule inakuwa mara 1.732. Umbali ukiwa mkubwa kama ule, mkondo geu hutumia sehemu kubwa ya uwezo wa waya kwa kujaza na kuondoa nguvu za umeme na sumaku zinazouzunguka, mara 100 kwa sekunde, kazi isiyomfikia mteja, na mkondo mnyofu hauna mzigo huo. Gharama yake ni vituo vya kugeuzia katika ncha zote mbili. Umeme wa Inga huzaliwa ukiwa wa fezi tatu, hugeuzwa kuwa mnyofu kwa ajili ya safari, na ukifika Kolwezi hugeuzwa tena kuwa wa fezi tatu, kwa sababu mota za migodini zinahitaji kujua zizunguke upande gani.